Jiwe la Vali

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tisa Julai 1979, saa mbili kasorobo asubuhi. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu moja, na upepo wa kipupwe ulikuwa ukisukuma vumbi la reli hadi ndani ya stoo ya kiwanda cha mafuta ya pamba, pembezoni mwa mji wa Shinyanga. Mwahija, karani wa vipuri, alikuwa amejitanda kanga ya pili mabegani kwa ajili ya baridi. Alikuwa akifuta mizani ya stoo kwa kitambaa kibichi, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, aliposikia kengele ya baiskeli mlangoni.

Fundi Akida hakuwa amepanda baiskeli hiyo. Alikuwa akiisukuma. Kwenye keria palikuwa na furushi la gunia lililofungwa kwa kamba ya katani, na tairi la nyuma lilikuwa limebonyea kwa uzito wake.

"Hodi hapa serikalini!"

"Karibu, mkwe. Mbona unaitembeza baiskeli kama mgonjwa?"

"Ni mgonjwa kweli, mimi namsindikiza tu. Amelibeba jiwe lenu tangu Ngokolo, hajapumzika."

Waliitana mkwe kwa haki. Jumamosi ile, siku tano mbele, Chiku binti Mwahija alikuwa aolewe na Sabiti, kijana mkubwa wa Akida. Mfungo wa Ramadhani ulikuwa umekaribia, na pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba shughuli isivuke mwezi ule.

Akida alifungua gunia akaliweka jiwe mezani. Lilikuwa jiwe kwa jina tu. Wafanyakazi waliliita hivyo kama watu wanavyoita mawe ya mizani. Lilikuwa bonge la chuma cha kusubu, la mviringo, lenye tundu la kuning'inizia na namba 18 iliyochomoza ubavuni. Kazi yake ilikuwa moja. Juu ya boila la kiwanda palikuwa na vali ya usalama, na vali hiyo ilikandamizwa na mkono mrefu wa chuma ulioning'inizwa jiwe kwenye ncha. Mvuke ulipozidi kiasi, uliunyanyua mkono pamoja na jiwe lake, ukatoka nje kwa kelele, na boila likabaki salama. Jiwe la zamani lilikuwa limepasuka vipande viwili wiki tatu zilizopita. Tangu siku hiyo boila lilikuwa baridi na mji ulikuwa ukikaanga kwa maji.

Mwahija alifanya kazi yake kwa utaratibu aliofundishwa chuoni. Alipima tundu kwa kijiti cha kipimo: sawa. Aligonga ubavu kwa nyundo ndogo akasikiliza: mlio ulikuwa safi, hauna mkwaruzo wa ufa. Aliliweka jiwe kwenye mizani. Mkono wa mizani ulitulia kwenye kilo kumi na nane, bila kuzidi wala kupungua. Alifungua fomu ya agizo. Kwenye safu ya Kilo palikuwa na namba 18.

"Umepatia barabara, Baba Sabiti."

"Nimelisugua kwa tupa jana kutwa," alisema Akida. "Nikijua anayelipokea ni nani. Watu wa mjini wanasema lebo yako haipatikani hata kwa kulia."

"Wengine wamelia."

Alicheka, akatia sahihi, akafunga lebo ya kijani kwa waya kwenye tundu la jiwe. Kiwandani palikuwa na amri moja iliyojulikana hata kwa wafagiaji: kipuri kisicho na lebo ya kijani ya Mama Chiku hakigusi mashine. Mpira, bolti, mkanda, hata vali ndogo ya bomba la maji, vyote vilipita mezani pake. Mara mbili wakubwa walikuwa wamemwambia analeta ukaidi. Mara mbili alikuwa amewaonyesha nyufa.

*

Saa tisa alasiri alikuwa nyumbani. Zamoyoni, mumewe, alikuwa barazani nyuma ya cherehani, akiunga mikono ya gauni la bibi harusi, pini tatu mdomoni. Uani kulitandikwa mkeka, na juu yake palikuwa na mchele wa pilau, kilima kizima, ukingoja kuchambuliwa.

Nyamizi, mke wa Akida, alikuwa amekuja na ungo wake. Hakuhitaji kuombwa. Mama wa bwana harusi huja kusaidia kuchambua mchele, na akichambua huchambua na mengine.

"Mchele wenu una changarawe, Mama Chiku. Mwanangu atavunjika meno."

"Basi atamung'unya. Atazoea mapema."

"Atazoea nini? Kwetu anakula ugali wa mtama, meno kama ya punda." Nyamizi alipeta, makapi yakaruka. "Nyinyi mnatuchukulia mtoto, na majembe mmeshatuchukulia."

"Majembe gani tena?"

"Si ya jiwe lenu! Mlimletea mume wangu vipande vya chuma chakavu mkamwambia, yeyusha hivi utusubie jiwe. Ameyeyusha. Havikufika hata nusu ya kalibu! Akaingia ghalani akatoa ndimi mbili za plau, za marehemu baba yangu, akazitia motoni. Nikamwambia, wewe mwanamume, tutalima na nini? Ananijibu, nataka nisiaibike kwa mkwe."

Zamoyoni alicheka nyuma ya pini zake. Mwahija hakucheka. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ungo.

Vipande viwili vilivyopelekwa kwa Akida vilikuwa jiwe lote la zamani. Yeye mwenyewe alikuwa amevitia kwenye gunia, na hapakubaki hata chembe. Jiwe zima likiyeyushwa linatosha kusubu jiwe jingine kama lile. Linaweza kupungua kidogo kwa taka za moto. Haliwezi kupungua nusu.

"Ndimi za plau zilikuwa nzito?" aliuliza polepole.

"Nzito! Mbili ni kama mtoto wa mwaka mmoja."

Mwahija aliweka ungo chini, akasimama, akaanza kutafuta viatu vyake.

"Unaenda wapi?" aliuliza Zamoyoni.

"Kiwandani. Jiwe lile ni zito kupita kiasi."

Zamoyoni alitoa pini mdomoni, moja, mbili, tatu. Alimfuata hadi mlangoni na kushusha sauti, lakini ua ulikuwa mdogo na masikio ya Nyamizi yalikuwa mazima.

"Mama Chiku, fikiri kidogo. Ukienda kutangaza kwamba kazi ya mkwe ni mbovu, Jumamosi tutamtazama vipi usoni?"

"Na boila likipasuka, Jumamosi tutamzika nani?"

Nyamizi alikuwa amenyanyuka, ungo kiunoni. "Kazi ya mume wangu mbovu? Aliyoitilia majembe ya baba yangu?"

"Sijasema mbovu, dada. Nimesema nzito. Nikirudi nitakwambia kosa ni la nani."

Alisema hivyo kwa uso mkavu. Moyoni alikuwa tayari amemhukumu Akida. Fundi alikuwa mtu wa kukadiria kwa jicho. Huenda alikuwa amepokea vipande, akavipima vibaya, akajaza. Lakini mizani ya stoo ilikuwa imesema kumi na nane, na fomu ilisema kumi na nane. Hapo ndipo hesabu ilipokataa. Alitembea haraka kufuata reli, na kila hatua hesabu ilizidi kukataa.

*

Aliona moshi kabla ya kufika. Bomba la boila lilikuwa likitoa moshi mweusi wa maganda ya pamba, na mbele ya lango palikuwa na foleni: madumu, chupa za bia, makopo ya rangi yaliyooshwa, na wenyewe wameketi kando wakiota jua la alasiri. Walikuwa wameahidiwa mafuta Jumanne. Wengi walikuwa wameamua kwamba Jumanne huanza Jumatatu jioni.

"Mama Chiku!" aliita Esta, muuza maandazi, ambaye kwa wiki tatu hakuwa na cha kuuza. "Mashine inanguruma! Kesho tutapaka mafuta hata miguuni!"

Mwahija alimpungia mkono akapita.

Maganga, mtunza boila, alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa tanuri, koleo magotini. Alikuwa Msukuma wa makamo, mpole, aliyeongea na boila kama watu wanavyoongea na ng'ombe.

"Mwadila, mayu," alimsalimu.

"Mwadila. Nani amewasha moto? Tulisema kesho asubuhi."

"Ndugu Meneja amesema leo, kesho tukamue mapema. Maige wa karakana amelifunga jiwe saa saba, mimi nikawasha saa nane, wewe umeshaondoka. Limepata joto zuri, halina shida."

Mshale wa geji ulikuwa kwenye arobaini. Mstari mwekundu ulikuwa kwenye themanini. Juu ya boila, kwenye ncha ya mkono wa vali, jiwe jipya lilining'inia, nene, na lebo ya kijani ikipepea kwa joto.

"Maganga, hukuona kwamba jiwe hili ni kubwa kuliko lile?"

"Niliona." Alijikuna kidevu. "Nikasema, huyu amenona, kama ng'ombe wa masika. Kisha nikaona lebo yako. Nikanyamaza."

Maneno hayo yalimwingia kuliko tusi.

"Toa moto," alisema. "Utoe wote."

"Nitoe?"

"Vali hii haitafunguka kwenye themanini. Haitafunguka hata kwenye mia na hamsini. Ukisinzia kidogo, ukienda msalani, geji ikikwama, hakuna kitakachokuokoa."

Maganga alifungua mlango wa tanuri na kuanza kukokota makaa kwa koleo refu, akiyamwagia maji. Mvuke na majivu vilijaa chumba. Moshi kwenye bomba ulipungua, na huko nje foleni iliona. Sauti zilianza.

Pantaleo, meneja, aliingia akikohoa, shati lake jeupe limeshapata madoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu na ofisi ya mkoa mara nne siku hiyo.

"Nani amezima?"

"Mimi, Ndugu Meneja." Mwahija alimweleza habari ya vipande na ndimi za plau, kwa sentensi nne.

"Lakini geji inafanya kazi. Maganga ataitazama."

"Ataitazama. Vali iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo hataitazama."

Pantaleo aliutazama mshale uliokuwa ukishuka. Kisha alitoka nje, nao wakamfuata. Bahati mbaya Akida mwenyewe alikuwa langoni; alikuwa amekuja kuona kazi yake ikifanya kazi, amevaa kofia ya kiua iliyofuliwa. Pantaleo alimwona.

"Mzee Akida! Umetuletea kitu gani? Tuliomba jiwe la boila, wewe umesubu nanga ya meli?"

Foleni ilicheka. Kicheko cha watu wasio na mafuta kina makali. Mtu mmoja alisema huyo fundi arudi kwenye kengele zake za mbuzi. Esta aliongeza kwamba labda Mama Chiku ameshapata debe zake za mafuta ya pilau, ndiyo maana wengine wanafungiwa. Akida alivua kofia, akaishika mkononi, akaivaa tena. Alimtazama Mwahija mara moja, kisha akatazama tairi la baiskeli yake.

"Ngoja nichukue faili," alisema Mwahija.

*

Stoo ilikuwa kimya. Alitoa fomu ya agizo, kisha akapanda ngazi na kuteremsha kitabu cha zamani cha boila, kilichoachwa na wenye kiwanda wa kwanza, jalada limeliwa na mende. Alifungua ukurasa wa vali. Mstari ulikuwa mmoja. Jiwe la mkono: kumi na nane. Na pembeni, kwa herufi ndogo, kipimo chake: ratili.

Alikaa kwenye ngazi.

Ratili kumi na nane ni kilo nane na ushei. Boila lilifungwa zamani, wakati pamba, nyama na sukari vyote vilipimwa kwa ratili. Kisha kilo zikaja, fomu mpya za stoo zikachapwa, na safu ya uzito ikapewa kichwa kimoja: Kilo. Yeye alikuwa amenakili kumi na nane kutoka kitabuni, akaiandika pale palipokuwa na nafasi. Mwandiko ulikuwa wake. Herufi zilikuwa safi, zimelala upande mmoja kama alivyofundishwa. Tena vile vipande viwili vilikuwa vimepita mikononi mwake, na mizani ilikuwa hatua tatu tu. Hakuvipima, kwa sababu chuma chakavu hakina fomu.

Pantaleo alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja, akasoma kitabu, akasoma fomu, akaelewa. Alifunga mlango nyuma yake.

"Mama Chiku," alisema kwa sauti ya chini, "mkoa watataka maelezo kwa maandishi. Andika kwamba fundi alikosea kipimo. Yeye hana ofisi, hakuna atakayemwandikia barua ya onyo. Wewe unayo kazi, na una watu nyumbani. Fomu hii inaweza kupotea. Fomu hupotea."

Mwahija alifikiria kazi yake. Alifikiria meza, mizani na kitambaa kibichi cha kila asubuhi, na jinsi ambavyo hakuna mwanamke mwingine katika mji ule aliyekuwa na meza kama hiyo. Kisha alifikiria Maganga aliyeona jiwe limenona akanyamaza.

"Ndugu Meneja, kesho akija mtu na kipuri kibovu, nitamkataa kwa uso gani?"

"Uso huuhuu. Nani atajua?"

"Mizani itajua. Tunatazamana kila asubuhi."

Alichukua fomu na kitabu, akafungua mlango, akatoka hadi langoni. Foleni ilinyamaza ilipomwona na makaratasi; makaratasi mara nyingi yalimaanisha mafuta.

"Sikilizeni," alisema. "Fundi Akida aliombwa jiwe la kilo kumi na nane. Ameleta jiwe la kilo kumi na nane, halijazidi hata chembe. Boila lilitaka ratili kumi na nane. Aliyeandika kilo ni mimi. Huu hapa mwandiko wangu. Mafuta ya kesho mmeyakosa kwa ajili yangu, na mnaonicheka mnicheke mimi."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja mwenye dumu alitikisa kichwa. "Hata mimi kilo hizi zilinisumbua," alisema. "Mwaka ule wa kwanza nilidhani pamba yangu imeibiwa nusu."

"Wote tulidhani!" sauti kadhaa ziliitikia, na mara foleni nzima ilikuwa ikisimulia ratili na kilo, kila mtu na mnunuzi wake wa pamba.

Mwahija alimwendea Akida. Alikunja magoti kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa mkubwa.

"Mkwe, umeaibishwa kwa kosa langu. Nilianza kukufikiria wewe kabla ya kujitazama mwenyewe. Nisamehe."

Akida alivua tena kofia yake, akaikung'uta vumbi.

"Mama Sabiti ameshajua?" aliuliza.

"Anajua kwamba jiwe ni zito. Nimemwambia nitarudi na jina la mwenye kosa."

"Basi tangulia wewe. Mimi nimelala na ugomvi wa zile plau siku nne." Kona ya mdomo wake ilianza kuchezacheza. "Mwambie kabisa kwamba zitatoka. Zote mbili. Nikiyeyusha upya, chuma chake kitabaki chote."

"Nitamwambia mbele ya mchele wote."

"Na safari hii, mkwe, uje na mizani yako kalibuni. Nitaitwa fundi wa nanga mara moja tu."

*

Jumatano saa nne asubuhi jiwe la pili lilining'inizwa. Lilikuwa dogo, jembamba, kilo nane na gramu mia moja na sitini na tano. Mwahija hakufunga lebo. Alimwambia Maganga awashe moto kwanza.

Watu wanne walisimama mbele ya geji: Mwahija, Maganga, Akida na Pantaleo. Mshale ulipanda ishirini, arobaini, sitini. Kwenye sabini na nane mkono wa vali ulitikisika, kama mtu anayeota. Ulipogusa themanini, jiwe liliinuka, mvuke ukafyatuka kwenda juu kwa mlio uliosikika hadi stesheni, na njiwa wote wakaruka kutoka kwenye bati. Nje, foleni ilipiga vigelegele bila kujua inashangilia nini.

"Huyo sasa ndiye ng'ombe wangu," alisema Maganga.

Mvuke ulipopungua, jiwe lilishuka taratibu, vali ikajifunga. Mwahija alitoa lebo ya kijani mfukoni. Alimpa Maganga aifunge yeye.

*

Mafuta yalianza kutoka Alhamisi.

Pantaleo aliandika barua ya onyo kwa Mwahija, kama ofisi ya mkoa ilivyoagiza, akaongeza aya moja ya kumshukuru, ambayo hakuagizwa.

Esta alipika maandazi Ijumaa asubuhi, akapeleka sahani moja stoo.

Nyamizi alirudi kuchambua mchele. Aliambiwa jina la mwenye kosa na mwenye kosa mwenyewe, akalitaja mara tano hadi mchele ulipokwisha, kisha akasema limeisha.

Akida alikiyeyusha tena chuma kilichobaki cha zile ndimi za plau. Mkewe alikuwa ameamua kwamba plau zisubiri masika, akaagiza mafiga matatu. Jumamosi sufuria ya pilau ilikaa juu ya mafiga hayo, wala haikuyumba.

Zamoyoni alimaliza gauni saa moja kabla ya ndoa, pini moja ikiwa imesahaulika kwenye pindo.

Chiku na Sabiti walioana, wakahamia chumba kimoja karibu na hospitali ya Kolandoto, ambako Chiku alikuwa akijifunza uuguzi.

Maganga alianza kuuliza. Kila kipuri kilichofika kwenye boila, alisoma lebo kwanza, kisha akakiinua kwa mkono wake.

Mwahija alikata kwa kalamu nyekundu kichwa cha safu ya Kilo kwenye fomu zote mia mbili zilizobaki, akaacha nafasi ya kuandika kipimo.

Na jiwe lilibaki kwenye ncha ya mkono wa vali, likiwa na lebo yake ya kijani, na ubavuni namba 18, na chini ya namba hiyo neno moja ambalo Akida alilichonga kwa patasi bila kuombwa: RATILI.